Mkwe Wangu Aligeukia Ukuta

Kina mama wa benchi ndio walioniambia niandike haya. Benchi ninalosema ni lile la nje ya chumba cha mionzi, tulikokaa tukisubiri kuitwa majina. Ukishakaa hapo siku kadhaa na wenzako wakajua huwezi kuwacheka, kila mmoja anaanza kusema yake. Wakasema mimi nina mdomo, basi niandike. Ni kweli mdomo ninao. Lakini katika jambo hili mdomo wangu ulifungika muda mrefu, na naandika nikiwa na aibu. Ningependa kuwaambia kwamba aibu imeisha, lakini nitakuwa nawadanganya. Nimeichoka tu.

Mimi ni mpishi wa chai. Napika chai na kusafisha vikombe katika ofisi ya mawakili huku katikati ya jiji, na wenye ofisi wametuwekea bima, nawashukuru. Kwetu ni Bungoma, lakini Nairobi nimeishi tangu niolewe, na sasa naishi Ngara, ghorofa ya nne, peke yangu, kwa kuwa mzee alinitangulia zamani. Nina mtoto mmoja, Violet. Yeye yuko Qatar, kazi za nyumba. Mjukuu wangu analelewa kule nyumbani na bibi yake wa upande wa pili. Mume wa Violet ni fundi wa umeme na anaishi Dagoretti Corner, nyuma ya maduka. Huyo ndiye mkwe wangu, na humu nitamwita mkwe tu, kwa sababu jina lake sijawahi kulitamka na sitaanza leo.

Kama wewe si wa kwetu, nikueleze kidogo, la sivyo hutaelewa kwa nini nilikaribia kufa kwa ajili ya adabu. Kwetu mama hashikani mkono na mume wa binti yake. Hawali meza moja. Hawakai chumba kimoja wakatazamana. Wakikutana njiani mmoja anapisha, anaangalia kando, wanasalimiana hivyo hivyo. Na kulala nyumbani kwake? Hilo halisemwi hata kwa mzaha. Vijana wa siku hizi wanatucheka, wengine wanakaa na wakwe zao wanatazama runinga pamoja. Mimi sikulelewa hivyo, na mkwe wangu pia hakulelewa hivyo. Tangu amuoe Violet nilikuwa namjua zaidi kwa mgongo kuliko kwa uso.

Sasa nianze.

Ilikuwa Januari, lile jua la kuchoma mabati. Nilikuwa naoga kwa beseni nikaona titi la kushoto limekuwa zito, kana kwamba nina mtoto wa kunyonyesha. Ngozi yake upande wa chini ilikuwa na vishimo vidogo vidogo kama ganda la chungwa. Nikabonyeza kutafuta uvimbe, maana redioni wanasema utafute uvimbe, sikupata. Lakini titi ni langu. Nimetembea nalo, limenyonyesha, nimelifunga kwa leso nilipomwachisha Violet. Nilijua kuna kitu. Nilijua vile unavyojua kuna mtu ndani ya nyumba hata kabla hajakohoa.

Nikaenda kliniki ile ya bima, mtaa wa pili kutoka ofisini. Nilivaa petikoti mpya, fikiria. Nilipokuwa napanda ngazi nilikuwa najifunza sentensi ya kusema, kama mtoto anayeenda kukariri mbele ya darasa. Daktari alikuwa kijana nadhifu, wa umri wa mkwe, na hapo sentensi yote ikaniyeyukia mdomoni. Nikasema, "Ni huku kushoto." Akaniuliza kama moyo unaenda mbio. Nikasema hapana, ni huku juu yake. Akaniuliza kama nimebeba kitu kizito. Mwishowe nikaonyesha kwa kidole, juu ya blauzi, nikiangalia kalenda yake.

Akauliza kama kuna uvimbe. Nikasema sijaupata. Akauliza kama kuna maumivu. Nikasema hakuna, ni uzito tu, na ngozi imebadilika. Akauliza umri wangu. Nilipomwambia hamsini na tatu alitabasamu kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Akasema ni umri, ni mambo ya homoni, wamama wote wanapitia, ninunue sidiria isiyobana na nipunguze chumvi. Hakuinuka kwenye kiti chake. Na mimi, sitaficha, nilishukuru kwamba hakuinuka. Nilitoka pale nimepata nafuu, kumbe nafuu yenyewe ilikuwa ya kutovuliwa nguo.

Nikanunua sidiria. Nikaacha chumvi. Titi likaendelea na safari yake.

Kabla ya mvua ndefu nilirudi. Wakati huo chuchu ilikuwa imeanza kuingia ndani, kidogo kidogo, kama inajificha. Safari hii nilijikaza kisabuni nikasema neno lenyewe, titi, mbele ya daktari na nesi wake. Sauti ilitoka nyembamba mpaka akaniambia nirudie. Akanituma nikapigwe picha ya matiti. Wanakubana kwenye mashine hadi unasimama kwa ncha za vidole, na msichana wa mashine anakwambia usipumue, mama, usipumue. Nikarudi na picha. Daktari akaiinua kwenye mwanga, akasema iko safi.

Nikamwambia, lakini daktari, chuchu haikuwa hivi. Akasema picha haidanganyi. Nikamwambia ngozi pia. Hapo akaweka kalamu chini, akaniuliza kwa upole sana ninaishi na nani. Peke yangu. Na mzee? Alifariki. Akamtazama nesi, kisha akaniambia kwamba mwanamke wa umri wangu akikaa peke yake sana, mwili unaanza kumtafutia mambo. Akanishauri nitafute kikundi cha kina mama kanisani, nichangamke. Nesi akaangalia pembeni, lakini niliona mabega yake yakicheka.

Mnaelewa alichosema? Alisema mjane huyu anatafuta mtu wa kumwangalia matiti. Hakusema hivyo kwa maneno, lakini mimi ni mtu mzima. Nilifunga vifungo vya blauzi, vidole vikakosea mashimo, nikatembea hadi ofisini nimefunga blauzi upande upande, na wakili mmoja akaniambia kwa heshima kwamba nimevaa vibaya. Siku hiyo chai niliitia chumvi badala ya sukari. Wakacheka, na mimi nikacheka nao, lakini moyoni nilikuwa nataka ardhi ipasuke.

Nikaamua sirudi tena. Mvua ndefu ikanyesha yote nikiwa nimenyamaza. Lifti ya ofisi yetu ina kioo, nikawa naingia nimekipa mgongo. Nilikuwa naoga nimefumba macho. Mtu atasema, mama, si ungeenda kwa daktari mwingine? Ningeenda. Mji huu una madaktari kila kona. Lakini aliyeambiwa kwamba anajitafutia mambo haendi kutafuta mtu wa pili wa kumwambia hivyo. Nilijua niko mgonjwa. Sikuwa na shaka hata kidogo. Nilichokosa ni uso wa kwenda kusema tena.

Violet hunipigia simu ya video Ijumaa, siku yake ya mapumziko. Ijumaa moja akaniuliza kwa nini nimeshika simu juu sana namwonyesha paji la uso tu. Nikamwambia mtandao. Akaniuliza tena. Huyo mtoto ni mkaidi, amechukua kwa babake. Nikamwambia. Nikamwapisha asimwambie mtu yeyote duniani, na hasa mume wake. Akaapa. Tulipokata simu akampigia mume wake papo hapo.

Jumatatu askari wa mlangoni akanipigia kwamba kuna kijana chini ananiulizia. Nikashuka na aproni. Mkwe alikuwa amesimama kando ya nguzo, amegeukia barabara, mkoba wake wa vifaa begani. Nami nikasimama upande wa pili wa nguzo, nikaangalia duka la viatu. Watu walikuwa wanapita katikati ya mazungumzo yetu. Akaniamkua, nikaitikia. Akasema Violet amemwambia anipeleke hospitali. Akaongeza haraka haraka kwamba hajui ni ya nini, na hakuuliza.

Alikuwa anajua. Nilimsikia kwenye sauti. Alinidanganya ili nipate pa kuficha uso, na mimi nikaupokea huo uongo kwa mikono miwili. Nikaomba ruhusa kazini. Tukaenda, yeye mbele, mimi nyuma, kama watu wasiojuana ambao njia yao ni moja.

Kosa likatokea mapokezini. Mpango wangu ulikuwa aketi nje. Lakini nesi alipomwona kijana amenisindikiza, akafurahi, akamwambia ingia na mama yako, daktari anapenda watu wa familia wawepo. Mkwe akasitasita. Akasema atangoja. Nesi akamsukuma kidogo begani, vile manesi wanavyosukuma watu. Kumweleza kwamba huyu si mwanangu bali ni mkwe, na kwamba sisi hatuwezi, kungehitaji maneno ambayo hakuna kati yetu aliyekuwa nayo pale mbele ya foleni. Tukaingia. Chumba kilikuwa kidogo kama jiko langu. Mara ya kwanza maishani nilikaa chumba kimoja na mkwe wangu mlango ukiwa umefungwa.

Daktari alinitambua. Akapumua kidogo, kisha akamgeukia mkwe kama mtu aliyepata msaada. Akaanza kuzungumza naye, mimi nikiwa pale katikati kama kifurushi. Akamwambia mama tumempima, picha iko safi, shida ni wasiwasi, mwambie mamako apunguze wasiwasi. Mkwe alikuwa anaangalia viatu vyake. Na mimi nilikuwa bubu. Neno lililonitoka kwa shida mbele ya daktari na nesi wake, nilisemeje mbele ya mume wa binti yangu? Nikaona daktari anavuta kitabu chake karibu aandike dawa ya usingizi. Nikajua nikitoka humo ndani sirudi, na nikijua hivyo nilijua pia mwisho wake ni nini. Bado mdomo haukufunguka.

Mkwe akainuka. Nilidhani anatoka nje. Badala yake akatembea hatua chache hadi ukutani, palipobandikwa bango kubwa la mbu na malaria, akasimama uso umekaribia kuligusa, mgongo kwetu. Akasema, "Mama, ongea. Mimi sipo hapa."

Daktari akamtazama kama mtu amerukwa na akili. Mimi nilimwelewa. Kwetu mtu akikupa mgongo hivyo, amekuheshimu mpaka mwisho. Alikuwa amenijengea chumba changu ndani ya kile chumba.

Nikafungua vifungo, vyote, mpaka chini. Nikasema, "Daktari, hii ni mara ya tatu nakuja. Hujawahi kunigusa."

Akasema mama, hakuna haja, picha...

Nikasema, "Picha si mimi. Inuka unishike."

Sijui sauti ile niliitoa wapi. Mimi ni mtu wa kusema samahani hata nikikanyagwa. Akainuka. Nadhani aliinuka ili tumalizane. Akaweka vidole chini ya titi, akasogeza, akarudia mahali pamoja. Kisha mkono ukapanda kwapani ukakaa hapo. Uso wake ukabadilika, ule ucheshi wote ukamtoka. Hakuniambia pole. Alinawa mikono muda mrefu kuliko ilivyohitajika, akaandika barua ya kunipeleka hospitali kubwa nikatolewe kinyama kipimwe, na alipokuwa ananipa hakunitazama. Nilifunga vifungo vyangu taratibu, na safari hii havikukosea mashimo. Mkwe hakugeuka mpaka nilipokohoa.

Tukashuka ngazi, yeye mbele. Tulipofika barabarani akasimama, bado amenipa mgongo, akasema, "Lile bango la mbu nimelisoma lote, Mama. Hata jina la kiwanda kilichochapisha nalijua." Nikacheka. Nilicheka hadi nikalia, pale kando ya barabara, watu wanapita na mizigo yao. Alisubiri nimalize, kisha tukaendelea.

Ilikuwa saratani. Aina ile ambayo wakati mwingine picha haiioni, waliniambia, kwa sababu haijikusanyi mahali pamoja, inasambaa kama uji uliomwagika. Ilikuwa imeshaingia kwapani. Daktari mama wa hospitali kubwa aliniambia mambo mengi siku hiyo na mimi nilisikia moja tu, kwamba wataanza na dawa kabla ya upasuaji, na kwamba tusipoteze muda.

Msimu wa baridi wote ulikuwa wa kemo, ile dawa ya saratani ya kuingizwa mshipani. Juni, Julai, Agosti, Nairobi haina jua, na mimi sina nywele. Ziliniangukia kwenye mto, kisha kwenye sufuria, nikawa nafunga kilemba nikiwapikia wenye ofisi chai zile wiki nilizokuwa na nguvu. Kucha zikawa nyeusi. Kila chakula kikawa na ladha ya sarafu. Kwenye chumba cha dawa tunakaa kwenye viti kama vya kinyozi, kila mtu na chupa yake juu, na runinga inaonyesha mahubiri bila sauti. Kuna mama wa Machakos aliyekuwa anakaa karibu nami, alinifundisha kubeba vipande vya barafu ya juisi kwenye chupa ya chai na kuvinyonya dawa ikiingia, ili mdomo usiote vidonda. Alikuwa anavigandisha mwenyewe, na baadaye akawa anabeba vya watu wawili. Mambo kama hayo hayakuponyi. Lakini unajikuta unayangojea kuliko dawa.

Septemba wakalitoa titi. Nilipoamka niliweka mkono pale nikakuta bandeji na utambarare. Sikulia. Nililia nilipoambiwa nisinyanyue kitu na nisipande ngazi, kwa maana nyumba yangu iko ghorofa ya nne na mkono unaofanya kazi ulikuwa mmoja. Violet hakuweza kuja, mkataba ulikuwa haujaisha. Mtu wangu pekee katika mji huu mwenye nyumba isiyo na ngazi alikuwa mkwe.

Akahama. Hakunishauri wala hakuniomba, maana angeniomba ningekataa. Alihamia kwa rafiki yake Kawangware, akaacha ufunguo kwa jirani ili tusipeane mkononi, na Violet akanipigia kuniambia kwamba nyumba ya Dagoretti haina mtu, kwa hiyo si nyumba ya mkwe, ni nyumba tu. Nikaingia. Sikulala kwenye kitanda chao, nilitandika mito ya kochi sakafuni. Kila asubuhi kabla ya kwenda kazini alikuwa analeta uji na matunda, anaviweka mlangoni, anabisha, kisha nasikia viatu vyake vikirudi nyuma hadi kona. Kutoka kona anasema uji uko hapo. Mimi nasema asante. Tulijuliana hali hivyo kwa wiki nyingi, tukiwa tumetenganishwa na mlango.

Kaka yangu aliyebaki nyumbani aliposikia, alinipigia akanifokea. Akasema nimevunja mwiko, nimelala kwa mkwe, na nimevua nguo mkwe akiwa chumbani, mambo yameenea kijiji kizima. Akasema lazima mbuzi achinjwe, tusafishwe. Nikamuuliza nani alimwambia habari ya kuvua nguo. Kumbe Violet alimsimulia mama mkwe wake kwa fahari, jinsi mume wake alivyo na akili, na mama mkwe akamsimulia mwenzake. Nilitaka kuzima simu nisiwashe tena maishani. Nilijiona nimeanikwa kijiji kizima kama nguo za ndani kwenye kamba. Siku kadhaa sikufungua mlango uji ulipoletwa, nilingoja hadi viatu viondoke kabisa. Mbuzi alichinjwa. Nilituma mchango, kaka akanyamaza, na mpaka leo akinipigia anauliza habari za mvua tu.

Lakini aibu kubwa kuliko hiyo sijaisema bado.

Tangu nipate majibu, kila mtu aliniuliza kwa nini nilichelewa. Mchungaji aliniuliza, kaka aliniuliza katikati ya kunifokea. Mawakili waliniuliza kwa upole, wameshika vikombe vyangu. Na wote niliwajibu hivi: nilipuuza, mambo yetu ya wanawake, si unajua. Walitikisa vichwa. Mchungaji hata alinitumia kama mfano kanisani, bila kunitaja jina, mama mmoja wa hapa aliyepuuza mwili wake. Nilikaa kwenye benchi la nyuma na kilemba changu, nikasema amina.

Sikuwa nimepuuza. Nilikuwa nimeenda. Lakini kusema nilienda ningelazimika kusema nilivyorudishwa, na kwamba nilionekana mjane anayetafuta kushikwa. Mzembe watu wanamhurumia. Aliyechekwa na daktari wanamtazama kuona kama kweli alistahili kuchekwa. Kwa hiyo nilichagua uzembe nikauvaa, na nilikuwa nauvaa vizuri mpaka nikaanza kuuamini mwenyewe.

Mionzi ilianza mijakaranda ikichanua na kuisha mvua fupi ilipokuwa inapungua. Kifua kiliungua kikawa cheusi kama sufuria ya kuni. Hapo ndipo lile benchi lilipokuwa, na hapo nikajifunza kwamba sikuwa peke yangu. Mmoja aliambiwa ni maziwa yameganda, na mtoto wake alikuwa ameacha kunyonya zamani. Mmoja, binti mdogo kabisa, aliambiwa wa umri wake hawapati. Walinong'ona. Sote tulinong'ona, tukiwa tumeinamisha vichwa, kana kwamba ni sisi tuliokosea.

Kama uko pale nilipokuwa Januari, nakuambia hivi, na sina ushauri mwingine. Usiseme "huku." Sema titi. Ukikosa sauti mchukue mtu, hata kama ni mtu asiyefaa kabisa. Usitoke chumbani kabla mkono wa daktari haujakugusa, na akikataa, mlango wa daktari mwingine upo. Wewe ndiye unayekaa na huo mwili. Yeye anakaa nao dakika chache tu, tena akiwa kwenye kiti.

Siku yangu ya mwisho ya mionzi yule daktari mama aliingia na wanafunzi wake wa udaktari. Walikuwa vijana wenye makoti meupe ambayo bado yana mikunjo ya dukani, wavulana kwa wasichana. Mlango wa chumba ulikuwa wazi na benchi liko pale pale nje. Mkwe alikuwa ameketi mwisho wa ukumbi, amegeukia dirisha. Nilikuwa nimelala kifua wazi, daktari akiwaonyesha kovu na ngozi iliyoungua, na kwapa walipotoa matezi. Nilikuwa nimeshazoea. Kisha akawageukia wanafunzi, akasema ndiyo maana tunawaambia wanawake waje mapema. Akaniuliza, si kwa ubaya, "Mama, waambie hawa. Kwa nini ulichelewa hivi?"

Jibu langu lilikuwa tayari mdomoni. Nilipuuza. Nilikuwa nimelisema mara nyingi mpaka lilikuwa laini. Nikawatazama wale watoto. Mmoja alikuwa na ndevu zinazoanza tu kuota, na kalamu tayari kuandika.

Nikasema, "Sikuchelewa. Nilikuja mapema."

Daktari akasita. Akauliza nilikuja wapi. Nikasema kliniki, mjini, Januari, na tena kabla ya mvua. Akauliza daktari alisemaje. Nikasema alisema ni umri, na mara ya pili akasema ni upweke. Nje kwenye benchi walikuwa wameacha kuzungumza.

"Na wewe ukamwambia nini?" akauliza.

Uso ulinichoma kuliko mionzi. Hilo sikuwa nimemwambia mtu, hata Violet. Nikavuta shuka hadi kidevuni.

"Nilimwambia asante," nikasema.

Daktari mama akakaa kwenye ukingo wa kitanda changu, akaweka mkono wake juu ya shuka, kisha akaniambia nirudie, kwa sababu wale wa nyuma hawakusikia. Nikarudia.